Arusi Kubwa, Cheti Hakuna

Siku ya Jumamosi katika mwezi wa Agosti au Desemba, mtu asimamaye kando ya barabara ya Ngong, karibu na Jamhuri, hana haja ya kuuliza kama kuna arusi. Motokaa huja kwa msafara, zimefungwa utepe na maua; honi zalia, na mpiga picha ametoa nusu ya mwili wake dirishani. Wengine waenda kanisani, wengine watoka, na wengine wanaelekea bustani ya Arboretum wakapigwe picha chini ya miti iliyopandwa tangu mwaka 1907. Ni jambo la furaha, wala hakuna mwungwana atakayechukia furaha ya wenzake. Lakini wasomaji wa gazeti hili ni watu wa hesabu: mkulima huhesabu magunia yake na karani huhesabu karatasi zake. Basi na tuihesabu arusi pia, tuone ni kitu gani kinanunuliwa kwa fedha nyingi namna hii, na ni kitu gani kinachosahauliwa.

Watu wengi hudhani kwamba arusi ya gharama kubwa ndiyo desturi yetu ya asili. Sivyo. Ni kweli kwamba babu zetu walitoa mali nyingi, lakini tazama namna walivyoitoa. Kwa Wagikuyu ruracio lilikuwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, tena halikutolewa lote siku moja. Kijana alipeleka wanyama kidogo kidogo, na wazee hata leo husema kwamba mahari hayaishi, maana yake ni kwamba ujamaa wa wakwe hauna mwisho. Mbuzi aliyefika kwa mkwe hakupotea. Alikula majani, akazaa, na wana wake wakaweza kumwolea ndugu wa bibi arusi. Mali ilitoka boma hili ikaingia boma lile, ikaendelea kuwa mali. Waliochinjwa kwa karamu walikuwa wachache kuliko waliobaki hai.

Arusi yetu ya siku hizi katika mji wa Nairobi imeugeuza mpango huo. Mahari huhesabiwa kwa majina ya mbuzi, lakini hulipwa kwa noti. Baada yake huja ngurario, na baada ya ngurario huja arusi ya kanisani pamoja na hema, viti, keki, wapishi, muziki, magari, picha za sinema na mavazi ya wasimamizi. Karibu vyote hivi ni vitu vya kukodi au vya kuliwa. Ifikapo saa kumi na mbili jioni hema lakunjwa, viti vyarudi kwa mwenyewe, na gauni jeupe larudishwa dukani lingojee bibi arusi wa juma lijalo. Hakuna hata kitu kimoja kizaacho.

Na fedha zatoka wapi? Zamani jirani alileta kuni, maji, unga au mikono yake. Sasa kuna kamati ya arusi, yenye mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mchango waweza kuombwa na kutolewa bila ya watu kuonana uso kwa uso. Kusaidiana ni jambo jema, na neno Harambee si geni masikioni mwetu. Lakini ombi likiwa la kila juma, msaada wageuka kuwa kodi. Mtu hutoa kwa kuogopa kwamba siku yake ikifika atatupwa. Serikali yenyewe iliona hatari hiyo, na Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 iliwakataza watumishi kutumia ofisi zao kuwa mahali pa kuchangishia Harambee.

Michango isipotosha, hufuata mkopo. Tuseme karani apata mshahara wa shilingi 45,000 kwa mwezi, naye akope shilingi 400,000 za arusi, alipe kwa miaka 3. Hata tusipoihesabu riba, atakatwa zaidi ya shilingi 11,000 kila mwezi, yaani karibu robo ya mshahara. Mtoto wa kwanza atazaliwa, ataachishwa ziwa, atatembea na kusema maneno yake ya kwanza, na baba yake bado analipa wali wa wageni ambao majina yao hayakumbuki. Wahenga walisema kweli: kukopa arusi, kulipa matanga.

Sasa tuje kwenye vito, kwa maana hapa mambo si mepesi kama wasemavyo wenye kulaumu tu. Ukipita Biashara Street, mtaa ambao zamani uliitwa Indian Bazaar, au ukienda kwa masonara wa Eastleigh, utaona mikufu, vidani, herini na bangili ambazo bei yake yaweza kununua shamba dogo. Je, huo ni upuuzi? Si wote. Kwa Waislamu wa pwani na wa Nairobi mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, wala si ya baba yake wala ya mume. Akipewa dhahabu, ni yake. Wanawake wengi wamelipa karo ya watoto au dawa za mgonjwa kwa kuuza bangili moja. Kwa mama asiye na shamba kwa jina lake wala hesabu katika benki, bangili ile ndiyo shamba, ndiyo benki. Tena bei ya dhahabu yenyewe imepanda sana baada ya miaka mingi: tangu mwaka 1934 hadi 1971 bei yake rasmi ilikuwa dola 35 za Marekani kwa aunsi moja, na katika Oktoba 2025 ilipita dola 4,000.

Lakini mnunuzi na ajue anunuacho. Dhahabu safi ni ya karati 24. Pete ya karati 18 ina sehemu tatu za dhahabu katika kila sehemu nne. Pete ya karati 9 ina sehemu 9 tu katika kila sehemu 24, na zilizobaki ni madini mengine. Tena, ununuapo kwa sonara walipa dhahabu pamoja na kazi ya mikono yake. Urudipo kuuza, mara nyingi atapima uzito wa dhahabu tu, na ile kazi ya mikono imekwenda na upepo. Kwa hiyo kipimo chetu kiwe hiki: je, kito hiki kitabaki mkononi mwa bibi arusi, kiwe chake siku ya shida? Kama kitabaki, basi ni akiba. Kama kimeazimwa ili majirani wakitazame, au kimenunuliwa kwa deni atakalolilipa yeye mwenyewe pamoja na mumewe, basi hakuna alichopewa.

Hata hivyo, hasara kubwa ya arusi za fahari haimo katika fedha zinazotumiwa. Imo katika ndoa zisizofungwa. Vijana wengi hapa mjini, wakiona hawawezi kuifikia arusi kama ile ya rafiki zao, husema, “Tungoje kidogo.” Wapanga chumba pamoja, wazaa watoto, wanunua kiwanja, nao bado wangoja. Miaka 5 yapita, kisha 10. Kila mtu mtaani amwita mwanamke yule Mama Fulani, mke wa Bwana Fulani, na hakuna mwenye shaka mpaka siku ile bwana anapofariki. Hapo ndugu zake waja kutoka nyumbani na swali moja tu: “Cheti kiko wapi? Mahari alitoa nani, na nani alishuhudia?”

Mahakama yaweza kumsaidia, lakini asitegemee kwamba itakuwa kazi nyepesi. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika shauri la watu wawili waliokuwa wameishi pamoja muda mrefu, wakagombania nyumba na kiwanja huko Dagoretti. Mahakama ilisema kwamba kuishi pamoja, hata kwa muda mrefu, hakutoshi peke yake kuifanya ndoa, na kwamba dhana ya kuwahesabu watu kuwa wameoana itumike kwa nadra. Katika shauri lile ndoa haikuonekana, na mali iligawanywa kwa kutazama kila mmoja alichangia nini: mmoja akapata sehemu 70 katika 100, na mwenziwe 30. Basi yule angojaye hema kubwa na afikiri sana juu ya jambo hilo.

Na sheria haidai hema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote zaandikishwa. Kwa ndoa ya kiserikali hutolewa taarifa siku zisizopungua 21 kabla. Kwa ndoa ya kimila, sheria hiyo yasema kwamba pale mahari yanapohitajiwa, sehemu ndogo tu ya mahari, iliyotolewa kuwa ishara, yatosha kuthibitisha ndoa. Na maarusi watoe taarifa kwa Msajili ndani ya miezi 3 baada ya kutimiza mila. Uandikishaji wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017. Hakuna mahali sheria hiyo inapotaja keki, wala rangi ya mavazi ya wasimamizi, wala idadi ya motokaa.

Labda msomaji atasema, “Basi Serikali na iweke kikomo cha gharama.” Jambo hilo limejaribiwa, na matunda yake hayakuwa mazuri. Huko Kisii, katika miaka ya 1930 na 1940, idadi ya ng'ombe wa mahari ilipanda sana hata vijana wengi wakashindwa kuoa na wengine wakatoroka na wachumba wao. Baraza la wenyeji lilijaribu kuweka kikomo, lakini wazazi walikipita kwa siri, na kikomo hakikushika. Nchini India, mwaka 1961, ilitungwa sheria ya kukataza mali ya arusi inayodaiwa kwa wazazi wa binti. Na mwaka 1963 Serikali ya huko ikakataza kutengeneza mapambo ya dhahabu iliyozidi karati 14. Masonara wengi walikosa kazi, magendo ya dhahabu yakastawi, na Sheria ya kudhibiti dhahabu iliyofuata mwaka 1968 ikafutwa mwaka 1990. Sheria haiwezi kuingia sebuleni kumzuia mama mkwe asitazame shingo ya bibi arusi.

Hata sisi tusioamriwa na mtu twajua kusukumana. Katika Januari 2017 vijana wawili wa Nairobi, ambao arusi yao ilikuwa imeahirishwa kwa kukosa fedha, walifunga ndoa kanisani wakiwa katika mavazi yao ya kila siku, na fedha walizotumia wenyewe zilikuwa shilingi 100, bei ya pete mbili. Habari zao zilienea duniani. Wengi waliwasifu kwa ujasiri wao; lakini sifa hizo zilituelekeza wapi? Wafadhili walijitokeza, na tarehe 14 Februari mwaka ule ule wakafanyiwa arusi nyingine, ya fahari, ambayo gharama yake ilitajwa kuwa zaidi ya shilingi milioni 3. Vijana wale hawana lawama hata kidogo. Sisi ndio tulioshindwa kustahimili kuona ndoa isiyo na hema.

Lakini pia tumekwisha kuona kwamba twaweza. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali iliagiza katika mwezi wa Julai kwamba watu katika arusi wasizidi 100. Watu walioana hivyo hivyo. Mchungaji alikuwako, wazazi walikuwako, mashahidi walitia sahihi. Waliokosekana ni wale waliokuja kula, na ndoa hazikupungukiwa na kitu.

Basi kikomo hakitatoka Bungeni. Kitatoka katika baraza la jamaa mbili zikutanapo kuzungumza. Wazazi wa binti ndio wenye neno zito hapo, kwa kuwa wao wakisema, “Yatosha,” hakuna mtu atakayethubutu kuongeza. Yafaa waulize mambo matatu kabla ya kuuliza habari za mbuzi: Watoto hawa watalala wapi baada ya arusi? Wataanza maisha wakidaiwa kiasi gani? Na cheti chao kitaandikishwa lini? Wachumba nao wafanye lililo la lazima kwanza: wazee wapelekewe ishara ya mahari, na ndoa iandikishwe. Karamu yaweza kungoja mavuno mazuri au mwaka wa mshahara kuongezwa. Haina tarehe ya kuharibika. Na ajaliwaye kupata dhahabu amvike mkewe kwa roho moja, iwe mali yake mwenyewe.

Picha za arusi hutundikwa ukutani sebuleni, na ni vizuri ziwepo. Cheti huwekwa ndani ya sanduku, hakuna mgeni akionaye. Lakini siku mwenye nyumba atakapokuwa hayupo, mjane hatafungua albamu ya picha mbele ya hakimu; atafungua sanduku. Heri akute kitu ndani yake.