Kidumu si Tangi la Petroli

Asafiriye mara kwa mara katika barabara za Unguja na Pemba huenda ameshaliona jambo hili: gari la abiria linaanza kukohoa mlimani, linapoteza nguvu, kisha linazimika. Fundi anaitwa. Baada ya muda gari linaondoka, lakini petroli haitoki tena kwenye tangi. Inatoka kwenye kidumu cha plastiki kilichofungwa kamba karibu na injini, au kilichowekwa miguuni pa dereva, na kupita katika mpira mwembamba hadi kwenye kabureta. Abiria wanashukuru kwamba wamefika. Sisi tunauliza: je, wamefika kwa usalama, au kwa bahati?

Hatuandiki haya kwa kuwabeza mafundi wetu. Fundi huyo anaijua kazi yake. Anajua kwamba kabureta haihitaji msukumo mkubwa, na kwamba petroli iliyowekwa juu hushuka yenyewe. Vipuri ni ghali, vingine hungojewa kutoka ng'ambo ya bahari, na mwenye gari anadai hesabu yake ya siku. Hayo yote tunayaelewa. Lakini njia ya kumfikisha mtu nyumbani mara moja ikigeuzwa kuwa matengenezo ya miezi, hapo ndipo penye hatari.

Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata penye baridi kali, seuze katika joto la injini. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, na cheche moja ya waya huutosha. Tangi kuwekwa mbali na injini si jambo la bahati nasibu.

Kwa magari yasiyo na kabureta, hatari ni kubwa zaidi. Kabureta hutosheka na msukumo wa ratili 3 hadi 6 hivi kwa kila inchi ya mraba, lakini mengi ya magari yanayopuliza petroli kwa nozeli huhitaji ratili 40 au zaidi. Mpira wa maji uliokazwa kwa waya hauwezi kuhimili nguvu hiyo. Tena wapo wanaounga pampu moja kwa moja na betri. Katika magari mengi ya siku hizi, injini ikizimika pampu nayo hukatiwa umeme. Pampu iliyoungwa hivyo huendelea kusukuma petroli hata gari likiwa limepinduka na watu wamo ndani.

Petroli haikomi kufika bila ya sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ni ndogo. Huenda chujio limeziba. Huenda tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba. Kifungue kifuniko, na ukisikia hewa inavutwa ndani kisha gari likawaka, umeshaujua ugonjwa. Huenda maji yameingia, nayo hukaa chini ya petroli, pale pale inapovutwa. Hewa yetu ya chumvi nayo hulitia tangi kutu. Aidha, pampu inayokaa ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe; anayenunua lita mbili mbili kila siku huiua pampu yake kwa mkono wake.

Hatusemi kwamba gari lisibadilishwe kamwe. Pampu ya umeme yenye msukumo unaostahili, mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, vibano madhubuti, fyuzi, na swichi ya kuikata pampu injini inapozimika: hayo ni mabadiliko ya kifundi, na hatuna ugomvi nayo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika na ukaguzi wa vyombo vya moto wasiishie kwenye taa, breki na karatasi za bima. Wainame, waifuate njia ya petroli tangu tangi hadi injini. Vyuo vya mafunzo ya amali navyo vingefanya jambo la maana kuwafunza jioni mafundi walioko chini ya miembe, kwa ada wanayoimudu. Vituo vya mafuta vipimwe maji katika matangi yao, maana gharama ya uchafu wao hulipwa na dereva. Na abiria akiona kidumu ndani ya gari, ashuke. Haki hiyo anayo.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Hii inayo, na pengine bei yake ni chujio moja jipya. Tusingoje gari liungue na watu wetu ndipo tuanze kuuliza nani alikifunga kidumu kile.