Programu ya kilimo inagoma kuingia kwenye simu? Kagua saini kabla hujafuta kitu

Msimu unanukia, mbegu mnaulizia bei, mbolea mnapanga foleni, na simu nayo siku hizi ni jembe kama majembe mengine. Leo tuweke pembeni kiwavijeshi na bakajani. Tuzungumzie swali ninaloulizwa kila nikipita kwenye vikundi vya Tosamaganga na Kalenga: "Bwana shamba, mbona programu inakataa kuingia kwenye simu yangu wakati kwa mwenzangu imeingia?"

Wengi mkiona hivyo mnafanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza anafuta programu ya zamani ili mpya ipate nafasi. Wa pili anampelekea fundi simu mtaani, naye anazima kila ulinzi uliopo mpaka kitu kiingie. Yote mawili yanaweza kukugharimu. Wa kwanza anapoteza kumbukumbu za shamba za misimu miwili. Wa pili anafungua mlango kwa mwizi wa pesa za simu. Ndiyo maana nimeona tulielewe jambo hili taratibu.

SAINI YA PROGRAMU NI NINI?

Chukua mfuko wa mbegu ya mahindi dukani. Kabla hujalipa unaangalia mambo mawili: lebo ya TOSCI inasema mbegu imetoka kwa nani, na mfuko haujafunguliwa na kushonwa upya. Mfuko ukiwa umeshonwa kwa uzi mwingine, hata kama picha ya nje ni nzuri, unaurudisha.

Simu nayo inafanya hivyo hivyo. Kila programu ya Android inatiwa saini ya kidijitali na aliyeitengeneza. Ana ufunguo wa siri kwenye kompyuta yake, na kwa ufunguo huo anafunga faili zima. Ndani ya faili kunabaki cheti ambacho simu yako inakitumia kuhakiki. Mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, hesabu haitimii, na simu inagoma.

Kuna sheria mbili hapa, zikumbuke:

1. Programu isiyo na saini haiingii kabisa kwenye Android.
2. Toleo jipya linakubaliwa juu ya la zamani pale tu saini zinapokuwa za mtu yule yule.

Sheria ya pili ndiyo inayowasumbua wengi. Lakini fikiria isingekuwepo. Tapeli angetengeneza kitu chenye jina la programu yako ya benki, akakurushia kama toleo jipya, na kingeingia juu ya ile halali na kusoma kila kilichomo. Kwa hiyo simu ikigoma, mara nyingi inakulinda.

Ila tusichanganye. Lebo ya TOSCI maana yake mbegu imekaguliwa. Saini ya programu haina ukaguzi huo. Mtu yeyote anaweza kujitengenezea ufunguo bure akiwa nyumbani kwake. Saini inakwambia tu kwamba programu haijachezewa tangu mwenyewe aifunge, haikwambii kama mwenyewe ni mwaminifu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya biashara bila kibali. Programu za namna hiyo zinaingia kwenye simu bila shida yoyote, saini wanayo. Ukitafuta mtaji wa mbolea kwa njia ya simu, angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni.

SOMA UJUMBE, USIKIMBILIE KUBONYEZA

Simu nyingi zetu ziko kwa Kiingereza na zinaandika tu "App not installed". Zile zilizowekwa Kiswahili zinasema programu haijasakinishwa. Angalia maneno yanayofuata, maana ndiyo yanayoonyesha tatizo liko wapi.

Ujumbe wa kwanza: kifurushi kinakinzana na kingine kilichopo

Hili ndilo tatizo la saini lenyewe. Kwenye simu yako tayari kuna programu yenye utambulisho ule ule, lakini imesainiwa kwa ufunguo mwingine. Sababu zake za kawaida ni hizi:

- Ya kwanza uliitoa sehemu moja, toleo jipya umelitoa sehemu nyingine, na mmojawapo ameifungua na kuisaini upya. Hii ni kama ule mfuko ulioshonwa kwa uzi mwingine.
- Aliyeitengeneza amebadilisha ufunguo au ameupoteza.
- Uliifuta, lakini imebaki kwenye akaunti ya pili ya simu, au kwenye folda salama, au kwenye ile nakala ya pili ambayo baadhi ya simu zinaruhusu. Hapo utasema "mbona sina!", kumbe ipo.

Sasa sikiliza vizuri: usifute programu ya zamani kwanza. Ukiifuta, kumbukumbu zote zilizohifadhiwa ndani ya simu peke yake zinaondoka nayo. Mauzo ya nyanya, tarehe za kupulizia dawa, madeni ya wateja, vyote. Fuata mpangilio huu:

1. Fungua programu ya zamani. Tafuta sehemu ya kuhamisha taarifa, toa faili, kisha lijitumie kwa barua pepe au WhatsApp.
2. Kama sehemu hiyo haipo, piga picha za skrini ukurasa kwa ukurasa. Yale muhimu zaidi yaandike kwenye daftari.
3. Kama programu inatumia akaunti yenye namba ya simu au barua pepe, ingia kwa akaunti hiyo kwenye simu ya mwenzako uone kama taarifa zako zinaonekana. Zikionekana, ujue zimehifadhiwa mtandaoni.
4. Hakikisha toleo jipya limetoka kwa mwenyewe. Kama ipo Play Store, ichukue huko.
5. Hapo sasa futa ya zamani, weka mpya, rudisha taarifa zako.

Ukishindwa hatua ya kwanza mpaka ya tatu, baki na toleo la zamani mpaka mavuno yaishe. Programu ya zamani yenye hesabu zako ina faida kuliko mpya iliyo tupu.

Ujumbe wa pili: faili ni batili, au kuna tatizo la kulisoma

Hapa mara nyingi faili halijakamilika. Bando limekata katikati, au mnarushiana kwa Bluetooth mtu akatembea. Linganisha ukubwa wa faili lako na la aliyekutumia. Yakitofautiana hata kidogo, futa hilo faili ulilopokea na uchukue upya. Hapa kufuta hakuna hasara, kwa sababu programu ilikuwa bado haijaingia.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Tangu Agosti 2021, programu mpya za Play Store zinapelekwa kwa mfumo ambao simu inapewa vipande vinavyoifaa yenyewe tu. Ukichukua faili moja kutoka kwenye simu yako ukamrushia mwenzako mwenye simu ya aina nyingine, unakuwa umempa kipande. Ni sawa na kumpa mtu pampu bila mpira wa kunyonyea maji, haitafanya kazi. Dawa yake ni kila mtu achukue mwenyewe Play Store, au mtumie sehemu ya kushiriki programu iliyo ndani ya Play Store, ambayo inarusha kwa simu ya jirani bila kula bando.

Ushauri huu unawahusu sana wanaotumia PlantVillage Nuru. Ile programu ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na FAO na IITA. Inasaidia kutambua kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi na magonjwa ya mihogo, na inaongea Kiswahili. Uzuri wake inafanya kazi shambani hata pasipo na mtandao. Sasa kwa kuwa haihitaji mtandao shambani, watu wanadhani haihitaji mtandao hata kuiweka. Siku ya kwenda mjini Iringa, iweke huko huko, ifungue mara moja uone inafanya kazi, ndipo urudi nayo.

Ujumbe wa tatu: programu haioani na simu yako

Huu unakuja kwa njia mbili. Simu ikiwa ya zamani sana, yaani chini ya Android 7, haielewi namna mpya ya kusaini iliyoanza na toleo hilo mwaka 2016. Programu iliyosainiwa kwa namna mpya pekee itakataliwa. Upande wa pili, simu mpya zenye Android 14 na kuendelea zinakataa programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Android za kabla ya toleo la 6. Hapa hakuna ujanja wa fundi. Mwenye programu ndiye anatakiwa atoe toleo linalofaa.

Ujumbe wa nne: onyo la Play Protect

Ukiona onyo hili, simama. Kama programu umerushiwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu usiyemfahamu, usiiweke. Akikwambia "zima Play Protect kwanza ndio itaingia", hapo ndipo uongeze wasiwasi. Programu inayodai kusoma meseji zako wakati kazi yake ni kuonyesha bei ya viazi, inatafuta meseji za miamala na namba za siri. Programu ya bei ya mazao haihitaji namba yako ya siri ya pesa za simu hata siku moja.

Wenye iPhone

Kwenu masharti ni makali zaidi. Programu iliyowekwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ya rafiki yako anayejifunza kutengeneza, kwa akaunti ya bure ya Apple, inaishi siku 7 tu, kisha inagoma kufunguka mpaka iwekwe tena. Ikisema mtengenezaji haaminiki, unamkubali kwenye Mipangilio, sehemu ya Jumla, penye VPN na usimamizi wa kifaa. Kuanzia iOS 16 unatakiwa pia uwashe hali ya msanidi. Fanya hivyo kwa mtu unayemjua tu.

KWA VIJANA MNAOWATENGENEZEA WENZENU PROGRAMU

Hapa nina neno na nyie mliosoma kompyuta mkarudi nyumbani. Kazi yenu ni nzuri, tunaihitaji. Lakini mnatuachia tatizo moja.

Nimekutana na kikundi cha nyanya ambacho kijana wao aliwatengenezea programu ya kuandika matumizi na mauzo. Ilitumika msimu mzima. Laptop yake ikaharibika, akanunua nyingine, akatengeneza toleo jipya na kuwarushia. Simu zote zikagoma kwa ujumbe ule wa kukinzana. Wanachama wawili wakafuta ya zamani, na hesabu zao zikapotea, siku chache kabla ya kikao cha kugawana faida. Wengine walisubiri, wakanakili kwenye daftari kwanza, wakapona. Wale wawili ilibidi hesabu zao zijengwe upya kwa risiti na kwa kumbukumbu za madalali, na mnajua wenyewe dalali anakumbuka upande gani.

Chanzo kilikuwa hiki: Android Studio inajitengenezea yenyewe ufunguo wa majaribio kwenye kila kompyuta. Ukihama kompyuta, ufunguo unakuwa mwingine. Kwa hiyo:

- Ukishaanza kuwapa watu wengine, acha ufunguo wa majaribio. Tengeneza ufunguo wa kudumu, wenye muda wa miaka 25 au zaidi.
- Weka nakala zake sehemu mbili, mfano kwenye flashi anayotunza katibu wa kikundi na sehemu nyingine salama. Nywila yake iandikwe na itunzwe mbali na flashi hiyo. Ufunguo huo ni mali ya kikundi kama muhuri.
- Mkiweza, ipelekeni Play Store. Kujisajili ni dola 25 za Marekani, mara moja tu. Huko Google inatunza ufunguo wa programu, na ukipoteza ule wako wa kupakia unaweza kuomba kubadilishiwa.
- Wekeni sehemu ya kuhamisha taarifa kuanzia toleo la kwanza kabisa.

Mjue pia kwamba Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kutaka watengenezaji wajitambulishe hata kwa programu zinazosambazwa nje ya Play Store. Mpango uliotangazwa ni kuanza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kufuata kuanzia 2027. Anayetegemea kurushiana mafaili aanze kujipanga mapema.

SIMU IKIGOMA KABISA, KAZI ISISIMAME

Huduma za Serikali zinapatikana pia kwa simu ya kitochi. Piga *152*00# na ufuate menyu ya kilimo. Na daftari lisidharauliwe. Mwisho wa kila wiki nakili namba tatu tu: umetumia kiasi gani, umeuza kiasi gani, nani anakudai au unamdai. Dakika kumi zinatosha.

Wiki hii, kabla ya mvua za kupandia, fungua programu unayotunzia hesabu, hamisha taarifa zake sehemu ya pili, na uulize ilitoka wapi. Ukikuta ujumbe ambao sijauandika hapa, upige picha ya skrini kama ulivyo, usibonyeze kitu, kisha nitafute au niletee ofisini. Tutausoma pamoja.

Kazi njema shambani.