Pasaka na Kazi za Mikono Nyumbani

Katika nyumba za Wakristo wa Singida, mtoto mdogo aijua Pasaka kwanza kwa nguo mpya, wali na nyama ya kuku. Mambo hayo ni mema, maana sikukuu ni siku ya furaha. Lakini mtoto huyo akiulizwa furaha hiyo imetoka wapi, huenda akanyamaza. Jibu lake ni kubwa kuliko chakula: Yesu Kristo alisulibiwa, akafa, akazikwa, na siku ya tatu akafufuka, kwa hiyo mauti haina neno la mwisho juu ya mwanadamu. Tena jambo hili si jepesi kuaminiwa. Mtoto aliyekwenda mazikoni kwa babu yake ameona udongo ukirudishwa kaburini, wala babu hakurudi nyumbani. Hapana budi afundishwe polepole, na mara nyingi mikono huelewa kabla ya masikio.

Habari za Kristo zililetwa Iramba na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, kabla ya vita vya 1914. Baada yao wakaja wale wa Augustana kutoka Marekani. Katika nchi walizotoka, watoto hufurahia mayai ya rangi na sungura wa sukari wakati wa Pasaka. Lakini mtoto wa Singida hana haja ya kununua kitu dukani. Pasaka huangukia Jumapili kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wakati ambapo masika ya Singida yanakaribia kwisha. Udongo ungali na unyevu, mtama uko shambani, na kuku hawakosekani uani. Vitu hivyo vyatosha. Mwanafunzi wa madarasa ya juu aweza kufanya kazi tatu zifuatazo pamoja na wadogo zake.

Kazi ya kwanza ni kaburi. Kaburi la Bwana lilikuwa limechongwa mwambani, na mlango wake ulifungwa kwa jiwe kubwa. Mtoto wa Singida huelewa upesi, kwa kuwa ameyaona majabali yaliyo kando ya ziwa Singidani, ambayo hata watu wengi hawawezi kuyasukuma. Basi watoto huchukua udongo wa mfinyanzi, huukanda vizuri, hufinyanga pango dogo lenye mlango, kisha huliweka kivulini likauke bila kupasuka. Hutafuta jiwe bapa la kuufunga mlango, na vijiti viwili vya kufungwa kwa kamba ya gome viwe msalaba. Siku ya Ijumaa Kuu huweka ndani kitambaa cheupe kilichokunjwa, hufunga mlango kwa jiwe, wala hawaligusi siku ya Jumamosi. Siku hiyo ya kungoja isiachwe, maana wanafunzi wa Yesu nao walingoja kwa huzuni. Alfajiri ya Pasaka, kabla watoto hawajaamka, mama huondoa jiwe. Watoto huja, huchungulia, na kuona kitambaa tu.

Kazi ya pili ni mbegu. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Mitende, punje za mtama au uwele hulowekwa katika maji. Asubuhi hupandwa katika kigae chenye udongo mwororo na kunyunyiziwa maji kidogo kila siku. Kwa joto la kawaida machipukizi huonekana kabla ya juma kwisha. Yesu mwenyewe alitumia mfano wa punje iangukayo katika ardhi na kufa ili izae sana. Hata hivyo mtoto aelezwe tofauti iliyopo. Mbegu huota kila mwaka kwa desturi yake, lakini Kristo alifufuka mara moja, wala hafi tena. Na punje isipoota, mtoto asihuzunike akidhani Pasaka imeshindwa, maana punje ni mfano tu.

Kazi ya tatu ni yai. Zamani, Wakristo wa Ulaya walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo Pasaka ilipofika mayai yalikuwa mengi, yakawa chakula cha sikukuu. Wagiriki huyatia rangi nyekundu hata leo, kuikumbuka damu ya Kristo. Singida hulimwa vitunguu, na maganda yake makavu hutoa rangi nzuri. Maganda mengi huchemshwa katika maji mpaka maji yawe mekundu; kisha mayai huwekwa humo na kutokota taratibu kwa dakika kumi na tano, na kuachwa yapoe ndani ya maji yale. Ikiwa jani dogo limebanwa juu ya yai kwa kitambaa kilichofungwa kwa uzi, umbo lake hubaki jeupe. Gamba hufanana na kaburi lililofungwa: kwa nje halina dalili ya uhai, lakini kifaranga hulivunja kutoka ndani.

Kazi hizi zikifanywa kimyakimya, mtoto atajua kufinyanga na kupika rangi tu. Yafaa babu, mama au ndugu mkubwa aketi pamoja nao na kusimulia habari wakati mikono ingali kazini, akingoja maswali na kuyajibu kwa maneno machache. Mtoto akiuliza kama babu yake naye atafufuka, asikemewe. Aambiwe kwamba hilo ndilo tumaini la Wakristo, na kwamba kwa ajili ya hilo Pasaka husherehekewa.

Mayai yakiwa tayari, yasiliwe yote nyumbani. Machache yatiwe katika kikapu, na watoto wenyewe wayapeleke katika nyumba iliyofiwa mwaka huo, wakaamkie kwa heshima na kuwaambia wenyeji kwamba Bwana amefufuka.