Kano za Kifua Zikiteguka

Leo tutazungumza habari za maumivu ya kifua yaletwayo na kazi nzito.

Kwanza, kila mmoja aweke mkono katikati ya kifua. Mfupa huo mgumu ni kidari. Sogeza vidole pembeni: hizo ni mbavu. Mtu ana jozi 12 za mbavu. Jozi 7 za juu zimeungana na kidari kwa gegedu, kitu kigumu kinachopindika, kama kile cha sikio. Maungio hayo yamefungwa kwa kano, nyuzi imara kama kamba zifungazo fito za nyumba.

Je, kano huteguka namna gani? Mchukuzi ainuaye gunia kwa ghafula, au mtu aangukaye kutoka juu ya baiskeli, aweza kuzivuta kupita kiasi. Hapo mahali pamoja huuma ukipabonyeza, ukijigeuza kitandani, ukikohoa au ukivuta pumzi.

Wengi hujifunga kifua kwa kitambaa na kukikaza sana. Hilo ni kosa. Kifua kikikazwa, mapafu hayajai hewa, makohozi hukaa ndani, na homa ya mapafu huweza kufuata. Afadhali, kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu polepole mara kadhaa. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto.

Siku 2 za kwanza, weka kitambaa cha maji baridi mahali panapouma kwa dakika 15, mara chache kwa siku. Dawa ya maumivu inywe kwa kipimo kilichoandikwa. Usilale kutwa; tembea kidogo kidogo.

Kano hupona polepole, kwa majuma kadhaa, pengine 6 au zaidi. Najua mchukuzi atauliza, "Nisipobeba, watoto watakula nini?" Ni kweli. Lakini arudiaye mzigo mapema huitegua tena kano ile ile, na siku zisizo na ujira huongezeka. Omba kazi nyepesi kwanza. Maumivu yakiisha, anza na nusu debe, si gunia.

Sasa sikilizeni sana. Si kila maumivu ya kifua ni kano. Kifua kikibana kama kimelaliwa na mzigo, maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho la baridi likitoka, pumzi ikikatika, au ukitema damu, nenda hospitali mara moja. Huenda ni moyo au mapafu. Ukiwa na homa na kikohozi, nenda pia siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kano hufanya kazi gani kifuani?
2. Kwa nini si vema kukaza kifua kwa kitambaa?
3. Taja dalili 3 za kumpeleka mtu hospitali mara moja.

Kwaherini mpaka juma lijalo.