Grisi Inayozuia Umeme Kutoroka

Asubuhi pale Nyamisati, injini ya boti huwashwa gatini ikanguruma vizuri kabisa. Abiria wanapanda, mizigo inapangwa, nahodha anatoka taratibu kati ya mikoko. Akifika maji makubwa na kufungua mafuta, injini inaanza kumisi. Akipunguza, inatulia. Hapo wengi humlaumu muuza petroli, wengine kabureta. Mimi ningeanza na kofia ya plagi.

Cheche huruka pengo dogo la takriban milimita moja, lakini huruka ndani ya silinda yenye hewa iliyobanwa, na hewa iliyobanwa ni ngumu kupenywa na umeme. Ukifungua mafuta, hewa na petroli huingia kwa wingi, mgandamizo unapanda, na koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi. 20,000 si jambo la ajabu. Umeme wa nguvu hiyo hauna subira, hushika njia iliyo rahisi. Nje ya silinda, juu ya kaure nyeupe ya plagi, hewa haijabanwa. Kaure hiyo ikiwa na utando wa unyevu, umeme huteleza juu yake hadi kwenye bodi ya injini, na silinda inakosa moto. Ndiyo maana ugonjwa huu hujificha gatini ukajitokeza kwenye mzigo.

Katika delta ya Rufiji unyevu huo una chumvi. Kila mwenye duka anajua chumvi inavyolowa masika bila kumwagiwa tone la maji. Kofia iliyorushiwa maji ya bahari ikakauka juani haijapona bado: unyevu wa usiku ukirudi, chumvi iliyobaki ndani inaunyonya na njia inafunguka upya. Kibiti mjini wanaopatwa na ugonjwa huu ni bodaboda zinazopita kwenye madimbwi, na gari zilizoingiliwa na maji ya mafuriko.

Kinga ya ugonjwa huu ni grisi ya silikoni, ile ambayo wataalamu huiita grisi ya dayalektriki. Jina lisikutishe, maana yake ni kwamba haipitishi umeme. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia mara nyingi ikipakwa kwa imani kwamba inaongeza moto. Haiongezi. Ni kihami: inajaza nafasi kati ya mpira wa kofia na kaure, maji yasipate pa kukaa wala umeme pa kutorokea. Tena inazuia mpira kugandana na kaure kwa joto, hivyo siku ya kubadilisha plagi waya haukatiki mkononi. Grisi ya beringi haifai hapa hata kidogo. Ina mafuta yatokanayo na petroliamu, ambayo huvimbisha na kulegeza aina nyingi za mpira, na kofia iliyolegea hualika maji yale yale.

Kwenye gari lenye waya nne, subiri injini ipoe, kisha shughulikia waya mmoja mmoja. Ukizing'oa zote kwa pamoja utachanganya mpangilio wa moto. Shika kofia, usivute waya. Izungushe kidogo ndipo uitoe. Futa kaure kwa kitambaa kikavu. Grisi kiasi cha punje ya choroko inatosha: isambaze kwa kijiti kwenye ukingo wa ndani wa mpira, ukiliacha bati la katikati safi, maana chuma kinapaswa kugusana na chuma. Sukuma kofia hadi usikie imeshika, halafu fanya vivyo hivyo upande wa koili au distribyuta. Ukiijaza tele, hewa iliyonaswa ndani huisukuma kofia nje taratibu.

Mafundi wengi huwasha gari gizani na kutazama kama waya zinatoa cheche za buluu. Kipimo kizuri, lakini si ndani ya boti, ambako mvuke wa petroli hutuama chini kwenye sakafu ukisubiri cheche moja tu.

Kabla ya kupaka chochote, itazame kaure kwa makini. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele, hapo umeme umeshaunguza njia yake ya kaboni, na grisi haiufuti. Badilisha plagi pamoja na kofia, kwa kuwa mstari ulio kwenye kaure mara nyingi una pacha wake ndani ya mpira, na ukimwacha mmoja atamchora mwenziwe upya.