Sombe ya Belém

Mama wa Djugu akipokea mgeni, humwekea ugali wa muhogo, sombe na samaki wa Ziwa Albert. Basi mtu wa Djugu akivuka bahari kubwa hata mji wa Belém, nchi ya Brazili, atashangaa mezani: wenyeji watamletea sombe.

Belém ni mji wenye watu zaidi ya 1,300,000, karibu na mahali mto Amazon unapoingia baharini. Wareno waliuanzisha mwaka 1616, na jina lake ndilo Bethlehemu kwa lugha yao. Uko karibu na ikweta kama Djugu, lakini hauko mlimani. Kwa hiyo joto ni kali, na watu hukimbilia kivuli cha miembe iliyopandwa kando ya barabara. Wenyeji humpeleka mgeni kwenye soko la Ver-o-Peso, maana yake “tazama uzito”, kwa kuwa zamani mizigo ilipimwa hapo ili ilipiwe kodi. Mashua huleta samaki, na vikapu vya açaí, matunda madogo meusi ya mti ulio ndugu wa mchikichi. Mahali pengine watu huyatia sukari. Huko huliwa pamoja na samaki wa kukaangwa na unga wa muhogo.

Jumapili ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya Bikira Maria wa Nazareti, inayofanywa huko tangu 1793. Siku hiyo nyumba hujaa ndugu na wageni, nao hula maniçoba: majani ya muhogo yaliyosagwa, yakapikwa pamoja na nyama ya nguruwe. Lakini hayakupikwa asubuhi ile. Yalikuwa motoni siku saba!

Kuni nyingi hivyo za nini? Muhogo mchungu una sumu, katika mizizi na katika majani. Jani likipondwa, sumu hugeuka hewa na kutoka. Ndiyo sababu mama wa Djugu hutwanga sombe kwenye kinu kabla ya kuichemsha. Mizizi naye huilowesha siku kadhaa, ndipo aianike. Watu wa Belém huikuna mizizi, na kuikamua ndani ya kikapu kirefu kiitwacho tipiti. Maji yake ya manjano yakiwa mabichi ni hatari. Yakichemshwa sana huwa tucupi, mchuzi wa kupikia bata.

Wenyeji wa kwanza wa Amerika ndio waliolima muhogo tangu kale. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika miaka ya 1500, nao ukaingia bara polepole. Kila ulikofika, akina mama walipaswa kuijua sumu yake. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango uitwao konzo: miguu hukakamaa ghafula, wala haiponi. Mwaka 1981 ukame uliwapata watu wa kaskazini ya Msumbiji. Kwa njaa hawakungoja siku za kutosha, na zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu.

Katika baridi ya milima ya Djugu muhogo hukawia majini kuliko kule chini ziwani, penye joto. Mama haulizi ni siku ya ngapi. Hubonyeza kwa kidole, na ukiwa bado mgumu, huurudisha majini.