Mgonjwa wa kisukari asitengewe sufuria yake

Wengi wanapoambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa wa kisukari, swali lao la kwanza ni iwapo wataruhusiwa kula ugali tena. Wengine hawaulizi. Huenda nyumbani wakaacha ugali, muthokoi na viazi siku hiyo hiyo, huku wakiendelea na dawa kama walivyoagizwa. Hapo hatari huanza, kwani insulini na baadhi ya tembe, kama vile glibenklamaidi, hushusha sukari ya damu hata tumbo likiwa tupu.

Wanga si sumu. Ni chakula kinachotupa nguvu, na kinachotakiwa ni kujua kiasi. Jambo hili laweza kuelezwa vizuri kwa vyakula vya Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni, kwenye barabara ya kutoka Wote kwenda Makindu. Mvua huko ni haba, na wakulima hupanda mahindi pamoja na mazao yanayostahimili ukame kama ndengu, mbaazi, kunde na mtama.

Muthokoi na isyo

Katika kupika muthokoi, mahindi hutwangwa kinuni hadi ganda la nje litoke. Chakula huwa laini na kitamu, lakini nyuzinyuzi nyingi huenda na makapi. Isyo hupikwa kwa mahindi mazima pamoja na maharagwe, mbaazi au kunde, kwa hivyo mwili huchukua muda zaidi kukisaga na sukari hupanda polepole.

Kipimo nacho chaweza kugeuzwa. Nyumba nyingi hutia vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha mbaazi. Mgonjwa na atie kimoja cha mahindi kwa viwili vya mbaazi au ndengu. Gramu 100 za ndengu kavu zina wanga wa gramu 60 hivi, lakini karibu robo yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili haugeuzi kuwa sukari. Isitoshe, zina protini ya gramu 24 hivi, zaidi ya mara mbili ya mahindi. Hata hivyo, mwenye maradhi ya figo amuone daktari kwanza.

Kuna wanaodhani kwamba ugali wa mtama au wimbi unaweza kuliwa bila kikomo. Sivyo. Unga wa mtama una wanga unaokaribiana na wa mahindi, yaani gramu 70 na kitu katika kila gramu 100. Faida yake ni nyuzinyuzi, iwapo haukukobolewa. Ukila bonge maradufu kwa sababu ni la rangi ya kahawia, faida hiyo imepotea.

Embe pia lina hesabu yake. Gramu 200 za nyama ya embe bivu zina sukari karibu sawa na vijiko saba vya chai. Si marufuku, bali kula vipande vichache, na siku hiyo punguza ugali.

Kila mtu na kipimo chake

Sahani iliyomtosha babu aliyechimba matuta shambani kutwa nzima haimfai mjukuu wake anayeketi ofisini Nairobi. Kama mwanzo, gawa sahani: nusu iwe mboga kama sukumawiki au majani ya kunde, robo iwe ndengu, samaki au nyama, na robo iliyobaki iwe ugali. Pima sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, uandike. Daftari hilo litamwezesha daktari kulinganisha dawa na chakula chako. Mama mjamzito na anayejidunga insulini wasibadili kiasi bila ushauri.

Ukitokwa na jasho jembamba, ukitetemeka, ukahisi njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka chini ya 4. Kunywa maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, subiri dakika 15, upime tena. Kisha kula kitu. Aliyezirai asinyweshwe chochote. Apelekwe hospitalini mara moja.

Akina mama na akina baba wanaopika, msimtengee mgonjwa sufuria yake kana kwamba anaadhibiwa. Isyo yenye ndengu nyingi na mboga za kutosha humfaa kila aliye mezani, na watoto wa mwenye kisukari, ambao wako katika hatari zaidi ya kuupata ugonjwa huo, huifaidi pia.